Mke wa Kinyozi na Seli Zilizolala

Kazini walimwita Bi Barafu, na si kwa sababu alikuwa mkavu wa maneno. Yeye ndiye aliyekuwa na dhamana ya mapipa ya nitrojeni ya maabara, yale ambayo ukifunua kifuniko unatoka moshi mweupe mzito unaoshuka miguuni badala ya kupanda. Humo ndani zililazwa seli za damu za mamia ya watu, kila kichupa na namba yake, zikingoja siku ya kuhitajika. Bi Barafu alijua kuzilaza bila kuziua na kuziamsha bila kuzishtua. Alikichovya kichupa kwenye maji ya uvuguvugu, akakizungusha polepole kwa vidole viwili mpaka kipande cha mwisho cha barafu kiyeyuke, na wenzake walimcheka kwa sababu alikuwa akizisemesha. "Haya jamani, taratibu, hakuna anayewafukuza."

Maabara yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la utafiti, juu ya kliniki. Shughuli yao kubwa ilikuwa moja tu: kuelewa kwa nini virusi vya UKIMWI havitoki mwilini hata mtu ameze dawa miaka nenda miaka rudi.

Na mume wake alikuwa navyo.

Mume huyo alikuwa kinyozi. Kibanda chake cha viti viwili kilitazamana na kituo cha kujazia gesi, na mdomo wake haukujua likizo. Wateja walisema ukienda kwake unapata huduma mbili kwa bei ya moja, maana unanyolewa kichwa na kushibishwa habari. Bi Barafu alimfahamu wakati baba yake mzazi amepooza upande mmoja kwa kiharusi, hawezi kutoka kitandani wala kutamka neno. Jirani mmoja akasema yuko kinyozi anayekubali kuwafuata wagonjwa nyumbani. Akaja siku ya Jumamosi na mkoba wake, akamwekea mzee taulo la moto usoni, akaanza kumpigia soga. Kilichomshangaza binti, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai, ni kwamba yule mtu alikuwa akiuliza swali, kisha ananyamaza kungoja jibu, huku akimtazama mzee machoni. Baada ya kitambo anatikisa kichwa na kusema, "Hapo umenena, mzee wangu," na kuendelea kunyoa. Baba hakuwa amesemeshwa hivyo tangu alipougua. Watu walikuwa wakisema juu ya kichwa chake kana kwamba ni meza.

Jumamosi zikafuatana. Siku moja, baada ya kazi, kinyozi aliketi akapokea kikombe, akakishika tu bila kunywa.

"Dada yangu," alisema, "kabla hujaniongezea sukari, kuna neno nikwambie. Naona unakoelekea, na mimi naelekea huko huko. Sasa ni bora ulijue ungali karibu na mlango."

Akamwambia yote. Alikuwa ameoa zamani, mke akaugua, akafa kabla dawa hazijafika kwenye hospitali yao. Yeye alipopima akakutwa navyo. Habari zilipozagaa mtaani wateja walikimbia, kiti chake kikaota vumbi karibu mwaka mzima, mpaka alipoanza kufungua wembe mpya mbele ya macho ya kila mtu na kuchemsha mikasi yake hadharani, dirishani. Ndipo wakarudi mmoja mmoja, wa kwanza wakiwa wale wasio na nywele nyingi za kupoteza.

Bi Barafu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtilia kijiko cha pili cha sukari.

"Ulivyoanza kwa mbwembwe nilidhani utaniambia una wake watatu," alisema. "Hao virusi wako nawafahamu. Nawatunza kazini tangu nilipoajiriwa. Nimewashika mimi kuliko ulivyowashika wewe."

Kinyozi aliangua kicheko mpaka chai ikamwagika, na kutoka kitandani mzee akatoa sauti. Maisha yake yote kinyozi aliapa kwamba kilikuwa kicheko. Bi Barafu hakuwa na hakika, lakini hakumkatalia kamwe.

Aliyepinga ndoa alikuwa shangazi yake, dada wa baba, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. "Mwana wa kaka yangu, wanaume wameisha?" "Hawajaisha, shangazi. Nimeshachagua." Akamweleza kwamba mtu akimeza dawa zake kila siku, na virusi vikapungua kwenye damu hata vipimo visivione, hamwambukizi mwenzake. Shangazi akasema hayo ni ya vitabuni, na vitabu havivai sanda. Siku ya harusi alikaa kiti cha mbele, amenuna kama aliyekalia msumari. Ila miaka miwili haikupita, yeye ndiye akawa anapiga simu kila jioni: "Mkwe, umeshameza?" Na kinyozi anajibu, "Nimemeza, mama, hata na yako nimekumezea."

Wakaishi. Hawakujaliwa mtoto, wakahuzunika, kisha huzuni ikazoea nyumba kama paka. Kila mwaka Bi Barafu alikwenda kupima, na kila mwaka alirudi salama.

Kinyozi alikuwa miongoni mwa watu waliojitolea kutoa damu kwa ajili ya utafiti. Alitoa chini, kliniki, na mirija ikapandishwa juu ikiwa na namba tu, bila jina. Kwa hiyo damu ya mumewe ilipita mikononi mwa Bi Barafu mara nyingi asijue ni ipi. Daktari, mama mmoja mrefu aliyekuwa mkuu wa utafiti, aliwahi kumuuliza kama jambo hilo halimsumbui.

"Hapana, Daktari. Nikiijua ya kwake, nitaipendelea. Nisipoijua, zote ni za kwake."

Jioni moja walikuwa wamekaa kitandani wakikunja taulo za kibandani, kinyozi akauliza swali ambalo kwa miaka yote hakuwahi kuliuliza.

"Hivi, Barafu, niambie kama unavyomwambia mtu. Nameza dawa, vipimo havioni kitu. Lakini wanasema nikiacha, hata mwezi hauishi, vimerudi. Vinatoka wapi? Vinajificha kwenye nini?"

Bi Barafu aliweka taulo chini. Kazini maneno yalikuwa mengi, nyumbani yalikuwa machache, na alitaka yale machache yawe ya kweli.

"Vinajificha kwa askari," alisema. "Una seli za damu ambazo kazi yake ni kukulinda. Nyingine ziko macho, nyingine zimelala zikingoja adui wa kesho. Kirusi kikiingia kwenye seli, hakikai sebuleni. Kinakwenda mpaka kwenye kiini, kinajiandika katikati ya jeni zako mwenyewe. Seli ikilala, nacho kinalala. Dawa inazuia kirusi kinachofanya kazi. Kilicholala, dawa inapita tu mlangoni."

"Kikulacho ki nguoni mwako."

"Huyu hata nguo amezivuka. Sasa sikiliza ujanja wake. Hatari ikitokea, tuseme umepata homa, kuna ishara inapigwa kwenye ngozi ya seli. Ishara ile inamfungulia mjumbe, mjumbe anakimbilia kwenye kiini, anazitafuta jeni za vita na kuziwasha. Anazijuaje? Kila moja ina alama mlangoni. Basi kirusi kimejiwekea alama ile ile. Wewe unaita jeshi lako, nacho kinaitika. King'ora unachopiga kujilinda ndicho kinachokiamsha kizae."

Kinyozi alikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kwa hiyo ni mgeni aliyejipa jina la mwenye nyumba," alisema mwishowe. "Mama akiita watu waje kula, na yeye yumo."

"Tena anakula kwanza."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe amekataa." Akacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. "Na hamuwezi kumwita kwa makusudi? Mkamtoa nje, mkamwona?"

Hapo Bi Barafu aliokota taulo lake akaanza kulikunja upya, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa likiandaliwa kazini. Ilikuwepo dawa ya kuzipigia seli king'ora bila kuwepo ugonjwa wowote. Seli zilizolala zingeamka, virusi vingeamka nazo, vingejionyesha, na kwa kuwa mtu bado anameza vidonge vyake, visingeweza kuingia seli nyingine. Tumaini lilikuwa kwamba seli hizo zikishafichuliwa zitakufa, au mwili utaziua. Kwenye visahani vya maabara Bi Barafu alikuwa ameiona kazi ya dawa hiyo. Virusi viliamka, naam. Lakini aliona pia seli nzima, zisizo na kosa, zikivimba na kukauka. Kumpigia mtu king'ora mwili mzima si jambo la mchezo.

Walipotangaza kwamba wanatafuta watu wa kujitolea, watu wachache tu, kinyozi aliandikisha jina lake. Mkewe alipata habari kwa Daktari, aliyemwita ofisini na kufunga mlango.

"Dada, mumeo ametimiza vigezo. Akiingia, wewe itabidi nikutoe kwenye sampuli za utafiti huu mpaka uishe. Nimeona nikuambie mwenyewe."

Alirudi nyumbani hakuvua hata viatu.

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza, ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa! Wewe umeambiwa kwenye karatasi kwamba inaweza kuleta homa na maumivu. Mimi nimeona kwa macho! Nimezitupa hizo seli mimi, zimekauka kama majani ya chai. Wewe ni mzima. Unakula, unalala, unapiga domo kutwa. Unakwenda kutafuta nini?"

Kinyozi alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti yakagusana.

"Mke wangu, hizi ninazomeza, kuna mtu alizionja kabla yangu. Simjui. Hakujua kama zitamponya au zitamuua. Yule mwenzangu wa kwanza alikufa dawa ziko njiani. Ningepata mtu mmoja tu aliyewahi kuonja mapema kidogo..." Akakatisha. Alikuwa hapendi kumtaja marehemu mbele ya mkewe, ingawa mkewe hakuwahi kumkataza. "Zamu yangu imefika, Barafu. Basi."

Bi Barafu alilia, kisha akakasirika kwa kuwa amelia, kisha akavua viatu. Hakusema sawa. Ila asubuhi ya siku yenyewe kinyozi alipotoka bafuni, alimkuta mkewe amevaa, ameshika chupa ya chai na shuka zito.

Dawa ilitiwa kwa dripu, ikadondoka kwa muda mrefu katika chumba chenye mapazia ya kijani. Mwanzoni kinyozi alimchambua muuguzi mtindo wa nywele zake na kumwahidi bei nzuri. Mchana ukaingia, maneno yakapungua. Midomo ikaanza kutetema, kisha mabega, kisha kitanda kizima kikawa kinagonga ukuta. Bi Barafu alimfunika shuka, akapanda kitandani na viatu vyake vya kazini, akamkumbatia kwa nyuma kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na upepo. Muuguzi alitaka kusema kitu, akaghairi, akaenda kupima joto.

"Wameamka?" kinyozi aliuliza, meno yakigongana.

"Wameamka."

"Waambie mwenye nyumba anawasalimu."

Alimbana zaidi. Miaka yote alikuwa amezoea kuviona virusi vile kwa namba na kwa rangi kwenye skrini. Sasa alikuwa amekumbatia king'ora chenyewe: ngozi inawaka, moyo unapiga mbio, kila askari wa mwili ule ametoka kitandani. Na mahali fulani, katika seli chache kati ya mamilioni, kile kirusi kinasikia jina lake na kuitika. Hakuwahi kukichukia kama alivyokichukia mchana ule. Alipokuwa maabara hakuwa na haja ya chuki.

Homa ilimchezea siku tatu, ikashuka. Akapewa dozi nyingine baadaye, akatetemeka tena, homa ikashuka tena. Wakati huo wote Bi Barafu alifanya kazi kwenye chumba cha nyuma, akijaza mapipa na kusafisha visahani vya utafiti mwingine, na wenzake wakipita na sampuli walizifunika kwa mkono, si kwa ubaya, kwa adabu tu.

Majibu yalipokamilika Daktari aliwakusanya wote waliojitolea kwenye ukumbi mdogo wa kliniki, wakiwa na wake, waume na ndugu zao. Shangazi naye alikuja, amejitanda khanga, ameketi ubavuni mwa mkwe wake. Daktari hakuzunguka mbuyu. Alisema dawa ilifanya nusu ya waliyoitarajia. Virusi viliamka, alama zake zilionekana wazi kwenye damu ya karibu kila mmoja wao. Lakini seli zile hazikufa. Ziliamka, zikapiga kelele, zikalala tena na mgeni wao ndani. Idadi ya zilizojificha haikupungua.

"Nawashukuru kuliko ninavyoweza kusema," alisema. "Tumejifunza kwenu jambo ambalo visahani visingetufundisha. Lakini hamjapona. Sitawadanganya."

Watu wakamgeukia kinyozi, maana yeye ndiye aliyewachekesha siku zote za kliniki. Kinyozi aliangalia viganja vyake.

"Asante, Daktari," alisema. Hakuongeza.

Siku zilizofuata hakufungua kibanda. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba, ameweka mikono magotini, na akisemeshwa anajibu vizuri, kwa heshima, kama mgeni. Shangazi alimtania kwa simu, akamjibu "Ndiyo, mama." Hapo shangazi akampigia Bi Barafu. "Nenda ukamtazame mumeo. Amekuwa na adabu. Anaumwa."

Bi Barafu alikwenda kukaa naye ngazini.

"Ulisema ni zamu yako ya kuonja," alimwambia. "Sikujua ulikuwa na tumaini."

"Hata mimi sikujua." Akaufuta mkono wake gotini. "Nilikuwa na hesabu yangu ya kijinga. Kila ukienda kupima, sinyoi mtu. Nawaambia wateja mashine imeharibika. Mkono unanitetemeka mpaka urudi."

"Miaka yote hii?"

"Yote."

"Lakini unajua kwamba haviwezi kunipata! Unajua. Nimekueleza, daktari amekueleza, hata shangazi siku hizi anawaeleza majirani!"

"Najua kwa kichwa. Mkono haujui." Akautazama mkono wake. "Nikafikiri, vikiisha, siku moja tu utatoka nyumbani kwenda kupima na mimi nitakuwa nanyoa ndevu za mtu bila kutetemeka. Hiyo tu ndiyo niliyoitaka."

Sayansi yote ya Bi Barafu ilikuwa imekwisha kusemwa. Alimshika ule mkono, wenye sugu pale kidole kinapokaa kwenye mkasi, wakakaa hivyo mpaka jua likahama ngazini.

Kesho yake kinyozi alijikokota akafungua kibanda, kwa sababu mteja wake mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja kugonga dirisha la nyumba akilalamika kwamba ndevu zake zimekuwa kama ufagio. Saa sita mchana, mwalimu akiwa kwenye benchi na mzee mwingine mwenye gazeti, mlango ukafunguliwa akaingia Bi Barafu. Alikuwa ameomba ruhusa kazini. Akapita moja kwa moja, akaketi kwenye kiti, akafungua kitambaa cha kichwa. Alikuwa amefumua misuko yake yote.

"Nataka kukata," alisema.

Kinyozi alimtazama kwenye kioo. Katika miaka yao yote hakuwahi kumnyoa. Nywele zilikuwa nyingi, na mvi zilikuwa zimeingia pembeni bila yeye kugundua.

"Zote?"

"Fupi kabisa. Shingo ionekane."

"Mke wangu, nina siku nyingi sijafanya kazi. Mkono wenyewe..."

"Nimeuona mkono wako. Ndio niliokuja kuufuata."

Akatandaza kitambaa cheupe, akamfunga shingoni. Akafungua wembe mpya mbele ya macho yake kama anavyomfungulia kila mtu, na Bi Barafu akatikisa kichwa kukubali, kama mteja yeyote. Mkasi ulianza kwa kusita. Kipande cha kwanza kilianguka begani, kikafuatiwa na kingine. Alimkunja sikio kwa kidole ili apite nyuma yake, taratibu sana, na Bi Barafu akafumba macho.

"Daktari amesema wataanza dawa nyingine," kinyozi alisema kwa sauti ya chini, huku akikata. "Ya kuziamsha seli na kuupa mwili nguvu ya kuziua, kwa pamoja. Akiniita, nitakwenda."

"Najua."

"Hutakasirika?"

"Nitakasirika sana. Kisha nitakuja na shuka."

Mkasi ukasimama, ukaendelea. Kwenye benchi mwalimu mstaafu akakohoa.

"Bwana kinyozi, na sisi wengine je? Mimi nimekuja mapema kuliko huyo mama."

"Mwalimu, wewe una nywele ngapi? Nikikupigia simu zitajinyoa zenyewe," kinyozi alijibu bila kuinua macho, na mzee wa gazeti akacheka mpaka gazeti likaanguka. "Tulieni. Huyu haharakishwi."

Akachukua brashi, akampangusa mkewe nywele shingoni, mkono ukiwa umetulia.